Mtoto Asiyeomba

Zuhura aliiegemeza simu kwenye birika ili mwalimu wa matamshi, aliyekuwa mji wa mbali, amwone Mwanatumu vizuri. Binti huyo wa Zuhura alikuwa na miaka minne na hakuwa ametamka hata neno moja. Mbele yake, bibi yake, Bi Salha, alishika kikombe cha uji.

"Usimpe bado, bibi," mwalimu alisema kwenye simu. "Msubiri aombe. Hata mlio tu unatosha."

"Aombe?" Bi Salha alimgeukia Zuhura. "Nyumba hii mtoto haombi chakula kana kwamba yuko ugenini. Mimi namwangalia macho tu, nampa."

"Ndiyo maana hasemi, mama. Unamwahi kila siku."

"Kwa hiyo kosa langu kumshibisha?"

"Si kosa, bibi," mwalimu alisema. "Ni mapenzi. Leo yacheleweshe kidogo."

Mwanatumu alinyoosha mkono. Bi Salha alikiinua kikombe juu. Mtoto alikunja uso, machozi yakamtoka bila sauti. Zuhura alitaka kusema basi, akajizuia.

Kisha mtoto akaacha kukitazama kikombe, akamtazama bibi yake usoni. Akaisukuma midomo mbele, kama anayepuliza moto.

Bi Salha alikiteremsha kikombe mpaka kifuani, lakini hakukiachia. Akainama, akaisukuma midomo yake vilevile, kama anayeanza kusema "uji", na wakabaki wakitazamana huku uji ukipoa.