Simu ya Watu Wawili

"Tatu," Madame Élisabeth alisema kwenye simu, na kalamu ikamponyoka Josée mkononi.

Katika ofisi ile ya Uvira, namba hazikutajwa kwenye simu. Kamwe. Sheria hiyo aliitunga Madame Élisabeth mwenyewe, mlinzi wa kompyuta zote za shirika. Shirika liliwaficha wanawake waliokimbia waume waliotaka kuwaua, na maficho ya kila mmoja yalihifadhiwa ndani ya kompyuta hizo. Ili mtu azifungue akiwa mbali, alihitaji code: namba sita zilizoingia kwenye simu ya Madame peke yake.

Josée hakuwa amemaliza hata mwezi kazini, lakini somo alikuwa amelishika barabara. Dada yake Pudentienne alikuwa mmoja wa waliofichwa, na mume aliyemkimbia alikuwa bado anazunguka kijijini kwao Mutarule akiapa kwamba atampata tu.

"Hata sauti ya mama yako usiamini," Madame alimwonya siku ya kwanza. "Siku hizi wezi iko na mashine. Wanakamata sauti ya muntu kwa redio ao kwa WhatsApp, wanaisemesha vile wanataka. Akiomba code, kata. Kisha umupigie weye mwenyewe, kwa namba yake ile unajua."

Tena, simu yoyote ya kuomba code ilipaswa kuwekwa haut-parleur, watu wawili waisikie. Ndiyo maana Josée alikuwa amesikia kila kitu tangu mwanzo.

"Chérie, ni miye Achille," sauti ya mwanamume ilikuwa imesema. Sauti nzito, tamu, ya mtu aliyezoea kutangaza redioni. "Ordinateur ya huku imekataa kufunguka. Nipe ile code imefika kwako."

Josée alingoja Madame akate. Madame akaketi.

"Achille wa nani?"

Sauti ikacheka. "Achille wako. Kuko mwengine?"

Na Madame, ambaye hata madereva walimwogopa, akatabasamu, akataja ile namba ya kwanza.

"Tatu," sauti ikarudia. "Ingine?"

"Ngoja. Umekula?"

"Bado. Nitakula nikifika. Ingine, chérie."

"Saba. Hapana, nimekosea. Tuanze tena. Niite jina kwanza."

"Élisabeth."

"Tena."

"Élisabeth, tafazali, niko mbiyo."

Josée akamsogelea. Kumbe sheria ni za wadogo; mume akipiga, mlango uko wazi! "Madame, kata!" alinong'ona. "Umupigie weye mwenyewe!"

Madame alimnyamazisha kwa mkono bila hata kumtazama. Akataja namba nyingine, polepole, akimwomba yule mwanamume airudie, kisha nyingine tena, hadi zikafika tano. Josée alimwona Pudentienne akilini, kama usiku ule alipofika kwao, mkono umevunjika, mtoto mgongoni.

"Imebaki ya mwisho," sauti ikasema. "Élisabeth, ya mwisho."

Madame akafungua kinywa. Josée akaruka, akanyakua simu, akakata.

"Dada yangu iko mule!" alipiga kelele, akilia. "Weye ndiye ulitufundisha! Sasa kwa sababu ni bwana yako, watu wafe?"

Madame hakukasirika. Aliichukua simu kutoka mikononi mwa Josée, akafungua ujumbe wenye code, akamwonyesha. Hapakuwa na tatu. Hapakuwa na saba. Namba zote alizozitaja zilikuwa za uongo.

Josée akazisoma namba zile mara mbili. "Basi ulijua ni mwizi?"

"Tangu allô."

"Sasa juu ya nini haukukata?"

Madame alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, lakini machozi hayakukubali kukauka.

"Achille tulimuzika mbele Noeli ifike," alisema. "Nilitaka aongee tena kidogo."