Kiti Kimoja

Kwa miaka kumi na tisa Vasilisa alichota kila wiki chupa moja ya maji ya mto ule mkubwa wa kaskazini, ili maabara ipime virutubisho vilivyoyeyuka vinavyobebwa kwenda baharini. Hatimaye Yefim, wa kushika nafasi yake, alifika kwa lori la mwisho kabla njia ya barafu, ya pekee kufika mjini, haijayeyuka. Vasilisa alikuwa amekwisha kufunga mizigo.

Alimpeleka kwenye tundu lililotobolewa katika barafu ya mto, akamwonyesha namna ya kuchota.

"Nikikosa wiki moja?"

"Vipimo vya mwaka mzima vinaharibika."

"Na kazi yenyewe inaisha lini?"

"Mimi niliambiwa mwaka mmoja."

Yefim aliutazama mji, kisha akarudi kwenye lori, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwa wazi. Vasilisa alimkimbilia, akagonga kioo.

"Kaka, hicho kiti ni changu."

"Nisamehe, dada," alisema, akiyatazama magoti yake.

Lori likaondoka. Vasilisa alisimama mpaka muungurumo ukapotea. Halafu akarudi tunduni, akapiga magoti, akazamisha mkono na chupa hadi kwenye kiwiko. Chupa ikajaa. Maji yaliuvuta mkono kwa nguvu, naye hakuutoa.