Lalamiko la Tatu

"Hajanawa," alisema mama yule, kidole chake kikiwa kimeelekezwa kifuani kwa mhudumu aliyeitwa Sabuni. "Nimemwona kwa macho yangu. Ametoka chooni na hajanawa."

Foleni ya bufe ya meli ikasimama. Mzee mmoja akarudisha sahani yake mezani kimyakimya. Mkuu wa ukumbi wa chakula alikuja mbio akitabasamu kwa meno tu, maana moyoni alitamani kumtosa mama yule baharini, yeye na mkoba wake.

Hajanawa! Sabuni si jina alilopewa na wazazi. Wenzake walimbatiza hivyo kwa sababu alinawa mpaka viwikoni kila robo saa, akabadilisha miiko na koleo kabla hata ya kukumbushwa, na mtu akipiga chafya juu ya trei, trei nzima aliimwaga. Wachafu walikuwa abiria. Mkuu aliwaona kila siku wakilipita sinki la kunawia kama hawalioni, wakichagua mikate kwa vidole, wakionja mchuzi kwa upawa na kuurudisha. Kisha matumbo yakiwasokota, wa kulaumiwa ni mhudumu.

Na matumbo yalikuwa yameanza kusokota. Abiria watano walikuwa wamefungiwa vyumbani mwao wakitapika, na ofisi ya meli ilikuwa imetoa amri. Mhudumu atakayeandikiwa malalamiko matatu ya uchafu atashushwa bandari inayofuata, kazi basi. Melini humo mkataba ulikuwa wa miezi tisa, na hakuna aliyeachiwa katikati kwa kuomba. Walioshuka kabla ya wakati walikuwa wagonjwa na wachafu tu.

Lalamiko la kwanza mama yule aliliandika siku ya pili ya safari, eti Sabuni kakohoa juu ya supu. La pili lilikuja kesho yake, eti kucha zake nyeusi. Mkuu alizikagua kucha hizo mwenyewe, moja baada ya nyingine, akakuta zimekatwa mpaka karibu na nyama.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba mama hakula kwingine. Meza zilikuwa sita na wahudumu sita, lakini mchana na jioni alijipanga mbele ya Sabuni, akapakuliwa na Sabuni, akala mpaka akafuta sahani kwa mkate.

"Kama ni mchafu, mbona unakula kwake?" mkuu alimwuliza, adabu ikiwa imebaki kiduchu.

"Namchunguza," mama alijibu. "Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Haya, ulimwengu ndio nyinyi, na mmeshindwa."

Mkuu aliondoka. Alikuwa amewahi kukutana na abiria wajeuri, lakini huyu alimchukia hasa, chuki ya kukosa usingizi.

Sabuni naye alimtia hasira vilevile. Mtu aliyekuwa akitania jiko zima, tangu siku ya kwanza alipomwona mama huyo na kudondosha upawa ndani ya supu, hakunyanyua tena macho. Alisimangwa mbele za watu, akaitika na kupakua.

Sasa lalamiko la tatu lilikuwa mezani. Mkuu alimwita Sabuni kwenye stoo ya nyuma ya jiko, akafunga mlango, akamwonyesha sehemu ya fomu ambapo mhudumu huruhusiwa kujitetea. Alimweleza kwamba mstari mmoja unatosha. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale sinkini, alimwona akinawa, na angetia sahihi bila kusita.

"Andika kwamba huyu mama ni mwongo," alisema. "Basi. Miaka sita umekaa ukisubiri kofia ya mpishi, na mwezi ujao ni yako. Unataka kuiacha hivihivi?"

Sabuni alishika kalamu muda mrefu.

"Siwezi, mkuu."

"Unamwogopa?"

"Ndiyo."

"Ni abiria huyo. Wiki ijayo hutamwona tena."

Sabuni aliweka kalamu chini. "Siwezi kumwita mwongo."

Mkuu alimwita mjinga, akamwita kondoo, akamwambia amechoka kuwapigania watu wanaojichongea wenyewe. Halafu akatia sahihi fomu ya kumshusha, na alijisikia vibaya siku nzima.

Kesho yake asubuhi meli ilifunga gati. Sabuni alishuka ngazi na begi moja, mkuu akimsindikiza kwa sababu roho ilimsuta. Chini gatini, sanduku likiwa miguuni, alisimama mama yule yule. Tiketi yake ilikuwa na siku tano zaidi.

Hapo mkuu hakujizuia tena. Hakuwa na haja ya kutabasamu, maana nje ya meli mama hakuwa abiria wake. Alimwambia kwamba hakuna mikono misafi kama ya mtu huyu katika meli nzima, kwamba amemkata mwenzake riziki kwa uongo mtupu, na kwamba Mungu hakuwa amelala.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Misafi, najua," alisema, akampa mgongo.

Sabuni alikuwa akilia waziwazi, begi bado begani. "Mama, si nilikwambia kwenye simu? Nilisema nitakuja nyumbani nikimaliza mkataba."

"Mkataba wako umebakiza miezi minne," mama alisema, akimsukumia sanduku alibebe. "Baba yako hafiki huko."