Sikio la Mlangoni

Mwaka ule kila mlango wa jengo ulikuwa na sikio la serikali, lililochunguza lafudhi za wageni. Lilimsalimu kwa bashasha Ingrid, jirani Mzungu, ingawa kibali chake cha kuishi nchini kilikwisha zamani. Lakini liliponasa Usomali katika sauti ya Hodan, mwenye kibali halali, liliita askari. Mara tatu mwezi huo.

Hodan akaacha kusema mlangoni. Kisha akaacha kusema hata sebuleni.

"Mke wangu, mbona kimya?" mumewe Mutiso aliuliza wakila. "Sema lolote, nikusikie."

Miaka kumi na miwili ya ndoa, hakuwahi kumwomba hivyo. Simu ya Mutiso ilikuwa imelazwa kifudifudi kando ya sahani, kipaza sauti kikimwelekea Hodan.

"Chumvi imezidi?" Mutiso akahimiza.

Hodan akatikisa kichwa, akamwongezea mchuzi.