Mirriam Bado Mdogo

"Usikifanye kirefu hivyo," alisema Mbodze. "Mti ukipata pa kushusha mizizi utakua, na ukikua Jamaldin hautaki."

Mirriam akakibonyeza chungu kwa viganja mpaka kikawa kama sinia lenye kuta. Akatoboa chini matundu ya kutolea maji, akabandika vijiguu vinne, kisha akakiweka kivulini pamoja na vingine. Mbodze, mama yake, alikaa kitini, bakora mapajani. Yeye hafinyangi tena, mikono inamtetemeka. Kazi aliyobakiwa nayo ni kutazama na kukosoa.

Majirani wa Majengo walikwisha kuuzoea moshi wa makumbi ya nazi ya kuchomea vyungu kutoka uani kwao, na sauti ya Mbodze pia waliizoea. Mirriam, usisimame mlangoni. Mirriam, uliyekuwa ukicheka naye ni nani? Jioni wanawake wa jirani walipokwenda ufukweni Mama Ngina kupunga upepo na kula mihogo, hata kumbishia Mirriam hodi waliacha.

"Huko kuna mabaharia," Mbodze husema. "Na maradhi ya siku hizi hayaandikwi usoni."

Si kwamba alikuwa mama mbaya. Alimpenda mwanawe huyo mmoja kupita kiasi, na kupita kiasi ndiko kulikoharibu.

Jamaldin alikuja na mkokoteni kuchukua vyungu. Kwake Mji wa Kale, juu ya paa, alikuwa na mikwaju na mibuyu aliyoidumaza kwa kuikata mizizi, mti mzima unaubeba kwa mkono mmoja. Wageni wa mahotelini huiita bonsai, na huipenda sana. Siku hiyo alimaliza kupakia, lakini hakuondoka.

"Mama Mbodze, nimetumwa. Tsuma wa reli anataka jibu."

"Jibu analo. Mirriam bado mdogo."

"Ndivyo ulivyomwambia alipokuwa kuli bandarini."

"Kuli angemlisha nini mwanangu?"

"Akapata kazi ya reli, na nyumba juu yake. Ukamwambia yaleyale."

"Kisha akaenda kuoa kwingine, sivyo? Mbona hakungoja?"

"Sasa mkewe amefariki, naye amerudi mlango uleule. Haki ya Mungu, mama, hata hii miti yangu ikija kuposwa kwako utasema bado mbegu!"

Mbodze hakucheka. "Huyo mjane anataka mpishi. Na atafute mpishi. Mtoto wangu haijui dunia."

Jamaldin akageuka. "Na wewe Bi Mirriam, wasemaje?"

Mirriam alikuwa akinawa udongo. Alijifuta mikono kwenye leso, kidole baada ya kidole.

"Namtaka," alisema. "Mie namtaka, mama. Tangu mara ya kwanza nilimtaka."

"Nyamaza! Watoto hawaulizwi mambo haya."

Mirriam akachukua bonge jingine la udongo, akawa analipiga ubaoni, pu, pu, pu, mpaka Jamaldin akainua mkokoteni wake akaenda zake. Siku ile hakusema na mama yake neno. Ila alimsongea ugali, akamtilia maji ya kuoga, akamfunika miguu.

Masika ikaja, ikapita. Udongo ulikawia kukauka, na vyungu vingi vilipasuka motoni. Siku moja ya kuchoma, Mbodze aliinuka achochee makumbi mwenyewe, kwa kuwa aliona Mirriam hachochei sawasawa. Kizunguzungu kikamshika, akaanguka hatua chache tu kutoka kwenye moto. Mirriam akamwinua, akambeba mpaka mkekani.

Pale mkekani Mbodze hakuogopa kufa. Aliuona ua ule yeye hayupo, na Mirriam yumo peke yake, hana mume, hana mtoto, hajui hata daraja la Makupa liko upande gani. Nani atamwambia afunge mlango? Akiumwa, nani atamwuliza umekula nini? Maisha yote alikuwa akimlinda na watu. Sasa alimwona amekosa mtu.

"Aitwe Jamaldin," alisema. "Tsuma na aje."

Mirriam akatoka bila viatu mpaka barabarani kutafuta wa kumtuma, na safari hii mama yake hakumwita arudi.

Jamaldin alipofika, Mbodze alimpa masharti. "Mwambie nimekubali. Ila asilewe, asimpige, na usiku asimpeleke Mama Ngina."

Jamaldin alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakitazama kile kizee pale mkekani, kicheko kikamwisha. "Ni muda sijamwona, mama. Lakini ujumbe utamfika. Jumapili mtamwona hapa."

Jumapili Mbodze alimkalisha Mirriam kati ya magoti yake akamsuka, vidole vikitetemeka, akampaka mafuta ya nazi. Akamtolea leso mpya aliyokuwa ameiweka sandukuni akingoja siku.

"Ukimfungulia tazama chini," alimwambia. "Mwanamwali hamkazii mtu macho."

"Naam, mama."

"Na usicheke ovyo."

"Sicheki, mama." Lakini alikuwa akicheka.

Hodi ikapigwa. Mirriam akavuta komeo, akafungua, macho chini kama alivyoambiwa. Hakuona viatu vya mwanamume. Aliona miguu midogo ndani ya ndara. Akainua uso.

Alikuwa msichana wa shule, peke yake. Alizitazama zile mvi zilizosukwa zikang'arishwa kwa mafuta, akainama kwa adabu, akaubusu mkono wa Mirriam.

"Shikamoo, nyanya," alisema. "Mie mjukuu wake Tsuma. Babu alipooza masika, hainuki kitandani tena. Amenituma nimwambie bibi arusi asimngoje. Yuko ndani?"