Mkwe Hupimwa kwa Mkate

Mzee Adérito aliivua kofia yake, akakifunika nayo kibao cha maelezo, akamgeukia kijana.

"Hiki nini?"

Kijana alikitazama kifaa kilichoning'inia ukutani, ubao mpana wenye mpini mrefu kama kasia. "Koleo la tanuri, baba. La kuingizia mikate na kuitoa."

Mzee aliguna. Akasogea kwenye kifaa cha pili, kofia mkononi.

Mambo haya aliyapanga wiki nzima. Filomena, binti yake wa mwisho, alikuwa amepata mchumba, mtoto wa karani wa huko Porto, jina lake Telmo. Mzee alikataa kumpokea nyumbani, akakataa hata kuitazama picha yake. "Picha hucheka hata ikiwa ya jambazi," alisema. Kama kijana ana nia, wakutane Jumapili saa nne kwenye makumbusho ya mkate na mvinyo, wawili tu. Asiyeujua mkate wala mvinyo ana haja gani na binti wa mkulima, kama si haja ya shamba? Shemeji yake Adérito aliingia katika ukoo kwa tabasamu, akatoka na nusu ya kilima chao cha mizabibu.

"Yule wa kwanza ulimfukuza, baba," Filomena alimwambia asubuhi ile, akimfunga vifungo vya koti. "Ukimfukuza na huyu, naondoka naye. Utabaki kugombana na mizabibu yako."

Basi alimkuta kijana amesimama mlangoni peke yake, shati jeupe, viatu vinang'aa kama vya wakili.

"Wewe ndiye unayeningoja?"

"Ndimi, baba. Karibu sana."

Mfukoni mwake zililia funguo, nyingi kuliko za mtu mwenye nyumba moja. Mzee akaliweka hilo moyoni.

"Usinisimulie kitu," alimwonya. "Nitauliza, wewe utajibu."

"Kama upendavyo."

Na alijibu. Chumba kizima cha mkate alikimaliza bila kukwama: ungo, beseni la kukandia, kitambaa cha kufunikia donge liumuke. Hapo ndipo mzee alipozidi kuingiwa na shaka. Mtoto wa karani ayajulie wapi haya?

"Jana ulikuja hapa?"

"Jana nilikuwepo, baba."

"Na juzi?"

"Na juzi pia." Hakuona hata haya.

Kumbe! Amekuja kukariri vibao, mjanja huyu. Mzee akaivaa kofia yake. Sasa atauliza yasiyoandikwa.

"Mkate umetoka tanurini. Utajuaje kama ndani umeiva?"

"Naugeuza, naugonga chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva. Ukinyamaza, naurudisha."

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu. Aliniachia masikio yake."

Filomena hakuwahi kutaja bibi yeyote. Huyu bibi kazaliwa leo?

Walipita chumba cha mvinyo. Kijana alieleza jinsi salfa inavyopuliziwa mizabibu kabla ukungu haujaishika, na jinsi watu wanavyoshikana mabega katika birika la mawe, wakizikanyaga zabibu kwa mwendo mmoja.

"Umewahi kukanyaga wewe, au umesikia?"

"Kila Septemba. Wiki nzima miguu inabaki ya zambarau, nacheka mwenyewe nikienda kuoga."

Mzee alivitazama vile viatu. Alitamani kumwambia avivue.

"Sema kweli, kijana. Unataka nini kwangu?"

Kijana alicheka kidogo, kama mtu asiyelitarajia swali hilo. "Sitaki kitu, mzee wangu. Nataka uondoke hapa umeridhika."

Ulimi wa asali. Hata shemeji alianza hivyohivyo.

Mwisho wa chumba palikuwa na meza, chupa ya mvinyo mtamu wa kienyeji na mkate wa pembe nne uliokatwa vipande. Kijana akamimina bilauri moja tu, akamsogezea. Anataka kunilewesha, mzee aliwaza, akaonja kwa ncha ya ulimi. Kisha akachukua kipande cha mkate, akakiachia kwa makusudi. Kikaanguka sakafuni.

Hilo lilikuwa jaribio lake la mwisho. Hakuna kibao kinachoandika mambo hayo.

Kijana aliinama. Alikiokota kile kipande, akakifuta vumbi, akakibusu, akakiweka juu ya meza kwa upole, upande wa chini ukiwa chini.

Mzee Adérito alikikodolea macho kile kipande. Hivyo ndivyo alivyofanya marehemu Albertina, mkewe, miaka yote ya ndoa yao, hata siku zile alipokuwa mgonjwa na kuinama kwenyewe kulikuwa adhabu. Ukimfundisha mtu kubusu mkate ukubwani, utaona tu kwamba amefundishwa. Huyu alizaliwa na desturi hiyo.

Akamshika mikono yote miwili. Kijana alifungua kinywa, lakini mzee akatikisa kichwa.

"Nyamaza, niseme mimi. Nimekuja hapa kukufukuza. Nimekuhesabia funguo, nimekuhesabia viatu, hata bibi yako marehemu nimemkana. Nisamehe. Tangu shemeji yangu, sijamwamini mwanamume yeyote aliyepita mlango wangu. Leo nimekuamini wewe. Kuna shamba, ni mawe matupu, lakini zabibu zake ni tamu. Jumapili ijayo njoo nyumbani tule. Filomena ni wako, Telmo mwanangu. Nimekupa."

Machozi yalimlenga, na hakuyaficha.

Kijana aliona haya hadi masikio yakamwiva, asithubutu kuitoa mikono yake.

"Samahani, mzee wangu," alisema taratibu. "Telmo ndiye nani? Mimi huwatembeza wageni hapa, na nyumbani nina mke."