Mwezi Haujaandama

Mganga Lan aliirudisha sindano kwenye bakuli. "Samahani, Jemadari. Mwezi ulikufa jana, na mpya haujaandama. Siku kama hii damu ya mtu huwa haba; ukiitoa, huondoka na mwenyewe. Simtoboi mtu leo."

Jemadari Guo alimpiga mdomoni kwa mpini wa upanga. Jino likadondoka mkekani.

"Kichwa kinanipasuka, nawe unaniletea habari za mwezi! Toboa!"

Lan alitema damu. "Rudi keshokutwa, nakusihi."

Safari hii alimvunja kidole. Basi Lan akashika sindano nene kwa mkono uliobaki mzima, akautoboa mshipa wa kiwiko. Damu iliruka hadi ukutani, kisha ikatiririka ndani ya beseni. Guo akashusha pumzi. Upanga ukamtoka mkononi.

"Yatosha," alinong'ona baadaye. "Funga."

Lan alichukua kitambaa cha kufungia vidonda. Alikuwa amekikata kwenye shati la marehemu mumewe, kando ya tundu lililoachwa na upanga ule ule.

"Funga, mama."

Lan akakitandaza mapajani, akaanza kukikunja taratibu, pindo kwa pindo.